Chai Iliyopigwa Muhuri

Tu, tu, tu. Kabla ya jogoo kuwika na kabla ya muadhini kusafisha koo, sauti ya mchi mdogo ilipenya ukuta wa mabati na kuingia chumbani mwa Zainab. Haikuwa sauti ya kuudhi. Ilikuwa ya mtu anayejua kwamba wenzake bado wamelala, na ambaye amekizungushia kinu chake kitambaa ili kisipige kelele. Mzee Swaleh, jirani yake katika ploti moja ya vyumba vya kupanga mtaani Landless, mjini Thika, alikuwa akitwanga tangawizi ya chai. Zainab alifumbua macho, akatabasamu gizani, akajua ni saa kumi na moja kasorobo. Kwa miaka mingi hakuwa amehitaji saa ya kengele.

Wahenga walisema kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Hawakuwa na maana kwamba nyoka adanganywe. Walimaanisha kuwa aliyejificha ndani, mkali kwa sababu ya giza na hofu, hatolewi kwa kuchokorwa na fimbo. Ukimchokora hurudi ndani zaidi, na meno yake yako tayari. Lakini ukimwita kwa upole, huenda akachungulia, akaona kwamba nje kuna jua. Mambo yaliyotokea katika kiwanda kidogo cha brashi pale Thika, Julai ya mwaka wa 1999, yanatosha kuwa ushahidi.

Zainab alikuwa karani mpiga chapa wa kiwanda hicho. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, na watu walimwita Mama Firdaus kwa jina la binti yake aliyeolewa Mugutha. Alikuwa amezeeka pamoja na taipureta yake, mpaka ofisi kuu iliyokuwa Ruiru ilipoamua kwamba barua zote zipitie kompyuta. Akapelekwa Juja Jumamosi mbili kufundishwa. Mwalimu wake alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye alirudia kila jambo mara tatu, na mara ya tatu alilirudia kwa upole ule ule wa mara ya kwanza. Zainab hakumsahau kwa hilo. Alirudi Thika akaifunika kompyuta kwa kitambaa cha kroshia, kama mtu anavyomfunika mtoto wa mwenzake aliyeachiwa amlee.

Laini ya simu ilikuwa moja tu kiwanda kizima. Kwa hiyo kompyuta iliunganishwa mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Barua za kwenda zilipanga foleni ndani ya mashine zikingoja saa yao. Zile za kuja zilishuka, Zainab akazichapa kwenye karatasi, akazigonga muhuri wa IMEPOKEWA, akazitia faili, kisha akabandika nakala mlangoni ili kila mtu asome. Wakubwa waliziita barua pepe. Wafanyakazi waliziita imeli, na wengi waliziogopa, kwa maana karibu zote zilitoka kwa Bwana Nzomo.

Bwana Nzomo alikuwa meneja mpya. Tangu aje mwezi wa Januari hakuwahi kukanyaga Thika, ijapokuwa kutoka Ruiru si mbali. Aliandika kwa herufi kubwa toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayepaza sauti kutoka ng'ambo ya mto uliofurika, na kila barua aliipa nambari. Nambari nne ilisema chai isizidi dakika saba. Nambari sita ilisema watu wasicheke karibu na simu. Nambari tisa, iliyokuja baada ya mizigo miwili kuchanganywa, ilikuwa ndefu kuliko zote. Ilisema kwamba kitu chochote kitokacho Ruiru kisifunguliwe kabla ya kugongwa muhuri, kuandikwa katika daftari la mizigo, na kutiwa sahihi na watu wawili. Kitu chenye kasoro kisiguswe na mtu yeyote mpaka meneja mwenyewe akikague.

Barasa, dereva wa lori la kiwanda, ndiye pekee wa Thika aliyewahi kumwona. Hata yeye alimwona mgongo. Alisimulia kwamba meneja huingia ofisini kabla ya watu na kutoka baada ya watu, na mlango wake hushinda umefungwa kama mdomo wa mtu aliyekula kiapo.

Lililowafanya watu wa Thika kuvumilia nambari zote hizo lilikuwa jiko la Mzee Swaleh. Lilikuwa chumba chembamba nyuma ya stoo, chenye jiko la gesi, sufuria mbili, na ubao wenye misumari ukutani. Kwenye kila msumari palining'inia kikombe cha bati, na juu ya kila kikombe Swaleh alikuwa ameandika jina kwa rangi nyekundu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepika chai pale. Alijua nani hanywi sukari na nani husema hanywi sukari. Mwenye kikohozi alikuta tangawizi imezidishwa bila kuomba. Aliyechelewa alikuta kikombe chake kimefunikwa kisahani, kingali na moto. Mume wa Zainab alipofariki, Swaleh alimletea chai mezani kila siku kwa siku arubaini, akaiweka, akaondoka bila kusema neno, kwa kuwa alijua maneno siku hizo ni mazito kuyajibu. Swaleh mwenyewe alikuwa hana mke wala mtoto. Ukimuuliza ana watu wangapi, alihesabu vikombe.

Jumatatu ya pili ya Julai, asubuhi yenye manyunyu na baridi ya kung'ata masikio, barua nambari kumi na nne ilishuka. Zainab aliisoma ikingali kwenye kioo cha kompyuta.

"JIKO LA THIKA LITAFUNGWA MWISHO WA MWEZI. MPISHI WA CHAI ATASTAAFISHWA. CHAI ITAPIKWA RUIRU NA KULETWA KWA LORI KATIKA CHUPA. HAKUNA MJADALA."

Akaichapa, akaigonga muhuri, akaenda kumwonyesha Swaleh kabla hajaibandika, ili asije akaisoma mlangoni pamoja na umati. Mzee aliisoma polepole, midomo ikitembea. Kisha akauliza kama chai hiyo ya Ruiru itatiwa tangawizi. Zainab alisema hajui. Swaleh akatikisa kichwa, akarudi kukoroga sufuria.

Wengine hawakulipokea jambo hilo kwa utulivu wake. Austine, mtunza stoo, kijana mwenye moyo mzuri na ulimi mwepesi, alisimama mbele ya mlango akasema maneno ambayo hayafai kuandikwa. Alitaka wajibu papo hapo. Zainab alimwambia wangoje, neno likishatoka halirudi kinywani, na asubuhi wataandika kwa akili iliyolala. Kisha akaenda kuswali adhuhuri.

Austine hakungoja. Aliketi kwenye kiti cha Zainab, akafunua kitambaa cha kroshia, akaandika kwa vidole viwili. Barua ikakaa katika foleni pamoja na nyingine za maagizo ya mbao na gundi. Saa kumi Zainab aliunganisha simu kama kawaida, mashine ikalia, barua zikaruka zote kwa pamoja. Ni pale tu alipokuwa akizihesabu ndipo akaona moja ambayo hakuiandika yeye. Chai yako inywe mwenyewe, ilisema, nawe uendelee kujificha shimoni mwako kama panya. Chini yake palikuwa na sahihi: Wafanyakazi wa Thika.

Zainab hakugomba. Alimwita Austine na kumwonyesha.

"Mathe, huyu mdosi ametuzoea sana," kijana alijitetea. "Lazima mtu amwambie ukweli."

"Umemwambia ukweli gani, mwanangu? Kwamba wewe una hasira? Hilo alilijua."

Jibu lilikuja asubuhi iliyofuata, fupi kama kofi. Jiko lifungwe siku hiyo hiyo. Mpishi akabidhi funguo Ijumaa. Chupa ya kwanza ya chai ingefika Jumatano. Austine alilisoma, akaketi juu ya boksi la vipini vya brashi. Swaleh aliosha vikombe, akavitundika, akafunga mlango. Alipopita karibu na Austine alimshika bega, akamwambia asijilaumu, jiko lilikuwa lifungwe hata hivyo. Hilo lilimuumiza kijana kuliko tusi.

Alfajiri ya Jumatano, Zainab alifumbua macho na hakusikia kitu. Alilala akisikiliza. Maji yalidondoka kutoka paa la jirani, mtu alikohoa mbali, lakini mchi ulinyamaza. Saa ilifika kumi na moja, ikapita.  Alijitanda leso, akatoka nje, akamkuta Mzee Swaleh ameketi kwenye kigoda mlangoni pake, amevaa tayari, kinu kitupu kikiwa magotini.

"Nimeamka kwa mazoea, Mama Firdaus," alisema. "Halafu nikajiuliza, nitwange kwa ajili ya nani?"

Zainab alimsogelea. Alisimama naye mpaka adhana ikalia. Lakini njiani kwenda kazini, akiruka madimbwi, alianza kufikiri. Mtu huyu wa Ruiru hajawahi kumwona Swaleh. Anajua kwamba kuna "mpishi wa chai", kama mtu anavyojua kwamba kuna mashine fulani mahali fulani. Na sisi je? Tunajua kwamba kuna "meneja". Yeye anatupigia kelele kwa sababu yuko mbali, nasi tumemtukana kwa sababu yuko mbali. Mtu akikupigia kelele kutoka ng'ambo, usimrushie jiwe. Mfanye acheke, ili ajue kwamba umemsikia.

Chupa ilifika saa tatu. Barasa aliiteremsha kutoka lorini kwa mikono miwili kama yai. Wafanyakazi walikuwa tayari wameshika vikombe. Zainab akawazuia kwa heshima, akawakumbusha barua nambari tisa. Chai imetoka Ruiru. Kitu chochote kitokacho Ruiru kisifunguliwe kabla ya kugongwa muhuri.

Walidhani anafanya mzaha, lakini uso wake ulikuwa mtulivu kama maziwa yaliyoganda. Alifunga kitambulisho cha karatasi shingoni mwa chupa, akakigonga muhuri wa IMEPOKEWA. Austine alifungua daftari la mizigo, akaandika: chai, chupa moja, rangi ya buluu. Sahihi ya kwanza alitia yeye. Sahihi ya pili ilikuwa ya msimamizi wa mashine, ambaye alikuwa ameshuka mjini kutafuta spana, na alirudi karibu na adhuhuri. Chupa ilipofunguliwa, chai ilikuwa na ubaridi wa uso wa chura. Saa kumi jioni Zainab aliiunganisha kompyuta na kutuma barua aliyokuwa ameiandika kwa uangalifu, kwa herufi ndogo tupu.

"Bwana Nzomo, salamu nyingi kutoka Thika. Chai yako imefika salama. Tumeipokea, tumeigonga muhuri, na kuiandikisha kama barua yako nambari tisa ilivyoelekeza. Ilingoja sahihi ya pili kwa saa tatu bila kulalamika, ingawa mwishoni tuliona imenyamaza kabisa. Wafanyakazi wote wako salama, isipokuwa koo zao. Tunakutakia jioni yenye joto."

Austine aliisoma juu ya bega lake na kukuna kichwa. Hakuelewa kwa nini mtu aliyeonewa atoe salamu nyingi namna hiyo. Zainab alimwambia kwamba punda akigoma, mvute kwa majani.

Alhamisi saa nne jibu lilishuka. "KWA NINI CHAI IMEGONGWA MUHURI?"

Kabla ya laini kukatwa, Zainab alijibu kwamba walichelea kuvunja amri, na kwamba kama meneja ataruhusu chai ipite bila muhuri, wao watashukuru, ila wangependa kujua pia hali ya sukari, ambayo imekuja ndani ya chupa hiyo hiyo bila karatasi zake. Aliongeza kwamba chupa ya pili imefika pia, na imepewa ukurasa wake mpya kwa heshima.

Barasa aliporudi kutoka safari ya mchana alikuwa na habari. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya ofisi ya Ruiru akingoja karatasi za mzigo, na kutoka nyuma ya ule mlango uliofungwa alisikia sauti. Mara ya kwanza alidhani meneja amepaliwa. Kisha karani wa Ruiru akamnong'oneza, macho yamemtoka, kwamba Bwana Nzomo alikuwa akicheka peke yake. Karani huyo alisema tangu Januari hajamsikia akicheka. Alisema pia kwamba meneja hula chakula cha mchana mezani pake, peke yake, kutoka kwenye kibakuli cha plastiki anachokiosha mwenyewe, na hakuna mtu anayethubutu kugonga mlango.

Zainab alilisikia hilo la kibakuli, akalitafakari. Kisha akaenda kwa Swaleh, aliyekuwa akipanga masanduku nyuma ya stoo ili tu mikono isikae bure, akamwomba amfungulie jiko kidogo. Alitaka kuhakikisha jambo ambalo alikuwa ameliona zamani na kulipita. Kwenye ubao, baada ya kikombe cha Austine, kwenye msumari wa mwisho, palikuwa na kikombe kipya. Rangi yake nyekundu haikuwa imechubuka hata kidogo. Kilikuwa kimeandikwa Nzomo.

"Nilikiandika alipoajiriwa," Swaleh alisema, kama mtu anayekiri kosa. "Nilidhani atakuja wiki ile. Huwa nakiosha pamoja na vingine. Kikikaa na vumbi ni aibu kwa mgeni."

Zainab alirudi mezani pake. Sasa hakuwa akitania tena. Ikiwa barua hii itamwudhi, kesho Swaleh atakabidhi funguo, na ploti yao itakuwa kimya alfajiri zote zilizobaki. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Saa kumi ikafika.

"Bwana Nzomo, chupa ya pili tumeikuta na kasoro, imepoa. Kwa mujibu wa nambari tisa hatujaigusa, tunangoja uikague mwenyewe. Kesho Ijumaa tutakuwapo mchana kutwa. Ukija, usibebe kikombe. Mpishi wetu, Mzee Swaleh, alikuandikia chako mwezi wa Januari, na huning'inia pamoja na vyetu. Kila jioni anakiosha, ingawa hakijanywewa hata mara moja. Angependa kujua kama unatumia sukari. Ni mimi, Zainab, karani."

Mashine ililia, barua ikaenda.

Usiku huo alilala usingizi wa paka. Asubuhi saa nne aliiunganisha kompyuta akingoja herufi kubwa. Hazikuja kubwa wala ndogo. Austine alisimama, akaketi, akasimama tena. Swaleh alikuja na funguo zimefungwa ndani ya leso safi, na kinu chake kwapani kwa mazoea, akaketi kwenye benchi la wageni akingoja wa kuzipokea.

Saa sita kasorobo lori liliingia langoni, na kando ya Barasa palikuwa na mtu. Alishuka kwa uangalifu, mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, mwenye sweta ya buluu iliyotiwa viraka kwenye viwiko na fomu ya ukaguzi mkononi. Alisimama mvuani kana kwamba hajui mlango uko wapi. Watu walikuwa wametarajia jitu. Hata Austine, ambaye alikuwa amejiandaa kumchukia, alijikuta akimfungulia mlango.

"Nimekuja kukagua chai," alisema Bwana Nzomo. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Zainab alimkaribisha kwa heshima zote. Chupa iliwekwa mezani, na kitambulisho chake shingoni. Meneja alimimina kidogo katika kifuniko, akaonja, akameza kwa ushujaa.  Alichukua kalamu akaandika kwenye fomu. Kisha akauliza, bila kuinua macho, ni nani aliyemwita panya.

 Zainab alifungua kinywa kusema kwamba barua ile ilitoka katika chombo kilichokabidhiwa kwake, na lawama ni yake. Lakini Austine alimtangulia.

"Ni mimi, bwana. Mama huyu hakujua. Nisamehe. Mzee wa watu alikuwa anafukuzwa, nami nikakasirika."

Bwana Nzomo alimtazama. Halafu akamgeukia Zainab.

"Yeye aliniita panya. Wewe wiki nzima ulikuwa ukiniita nani?"

"Mgeni, bwana," alisema Zainab.

Hapo ndipo Mzee Swaleh alipoinuka kutoka kwenye benchi. Hakuwa anafuata sana mazungumzo ya wakubwa, ila alikuwa ameona mtu amelowa mabega na anatetemeka. Akafungua leso, akachukua ufunguo, akaenda kufungua jiko bila kumwuliza mtu yeyote. Wakasikia kiberiti kikiwashwa. Kisha sauti ile, tu, tu, tu, ikatoka nyuma ya stoo, na Zainab akalazimika kutazama dirishani kwa muda.

Swaleh alichungulia mlangoni. "Bwana, unakunywaje?"

Meneja alionekana kama mtu aliyeulizwa swali gumu shuleni. Alisema hajui. Tangu ahamie Ruiru na kuiacha familia yake Machakos, alikuwa akinywa chochote kilichokuwapo. Kisha, polepole, alisema kwamba marehemu mama yake aliipika kwa maziwa mengi na majani machache, na sukari moja, si mbili. Swaleh aliitikia kwa kichwa na kwenda zake, ameridhika.

Chai ililetwa ikifuka moshi, katika kikombe cha bati chenye jina jekundu. Bwana Nzomo alikishika kwa mikono yote miwili. Alilisoma jina lake, akageuza kikombe, akalisoma tena. Alikunywa mpaka chini, na walioketi naye wanasema zilipita dakika zaidi ya saba, na hakuna aliyetazama saa.

Baadaye, akizungumza na sakafu zaidi kuliko na watu, alieleza kwamba alipoajiriwa aliambiwa watu wa Thika hushinda wakinywa chai, kwa hiyo aone pa kupunguza. Aliona ni rahisi kupunguza jambo ambalo hajalionja. Alisema pia kwamba hapendi kuzungumza mbele za watu, na kwamba herufi kubwa humsaidia. Zainab alimwambia hata herufi ndogo wanazisikia vizuri tu. Watu wakacheka, karibu kabisa na simu, na meneja akacheka pamoja nao.

Kabla ya kuondoka aliiacha fomu mezani. Mbele ya neno kasoro alikuwa ameandika: imepoa. Mbele ya neno hatua alikuwa ameandika: chupa zirudishwe Ruiru. Jiko la Thika libaki, na mpishi wake. Zainab aliichukua, akaigonga muhuri, na safari hii aliugonga kwa nguvu mpaka meza ikaruka.

Alfajiri ya Jumamosi mchi ulitwanga kama kawaida. Barua nambari kumi na tano, iliyofuata Jumatatu, ilikuwa na mstari mmoja, nayo ilitoa ombi badala ya amri. Mzee Swaleh, kama hana udhuru, aende na lori siku ya Jumatano, awaonyeshe watu wa Ruiru namna ya kupika chai. Swaleh alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Akabeba kinu, tangawizi, kopo la rangi nyekundu, na vikombe vipya vya bati vilivyolia ndani ya kikapu njia nzima.

Jumatano hiyo, saa kumi jioni, Zainab aliunganisha laini na barua ikashuka. Aliichapa na kuigonga muhuri, ila hakuitia faili. Alimpa Austine aende kuibandika jikoni, karibu na ubao wa vikombe. Kijana alisimama katikati ya chumba, akaisoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma barua ya nyumbani. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo tupu.

"Bi Zainab, Mzee Swaleh ameondoka sasa hivi. Mlango wangu umeshinda wazi, watu wanaingia na vikombe vyao. Tafadhali mwambie aje kututembelea tena. Hata wiki ijayo."

Austine aliibandika, akarudi nyuma hatua moja kuitazama, akatikisa kichwa. Kwa wiki nzima alikuwa akimtafutia Zainab neno la kumwomba radhi, na sasa akalipata, akaenda kumwambia lile lile ambalo wahenga walimwachia: maneno mazuri humtoa nyoka pangoni.